Kuongoza mradi wa kisukari unaogharimiwa na kampuni ya dawa: mipaka iwekwe wapi?

MtaalamuLishe:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mtaalamu wa lishe na nimefanya kazi katika kliniki ya kisukari kwa miaka kadhaa. Nimeombwa kuwa mmoja wa viongozi watatu wa mradi wa miaka mitatu, ambao gharama zake zote zitabebwa na kampuni inayotengeneza dawa za kushusha sukari. Mradi una sehemu mbili: ya kwanza ni kuelimisha umma na kuwapima watu sukari, na ya pili, ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi, ni kuandaa mapendekezo ya sera yatakayowasilishwa wizara ya afya. Wenzangu wawili, daktari na mwanasheria, wamekwisha kukubali. Rasimu ya mkataba inasema kwamba mdhamini "atapitia" kila chapisho kabla halijatolewa. Je, mtu anaweza kuongoza kazi ya namna hii bila kugeuka msemaji wa kampuni? Na kama inawezekana, adai nini kabla ya kutia saini?

MratibuMstaafu:

Nimewahi kuongoza mradi wa aina hiyo, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo. Inawezekana, lakini neno "atapitia" lisibaki hapo lilivyo. Kupitia ili kuthibitisha kwamba jina la dawa limeandikwa sawasawa ni jambo moja, na kupitia ili kuidhinisha ni jambo jingine, na mkataba usiotofautisha mawili hayo utafasiriwa na yule mwenye fedha. Sisi tuliandika kwamba mdhamini atapewa siku kumi kutoa maoni, kwamba maoni hayo yatahifadhiwa kwa maandishi, na kwamba uamuzi wa mwisho ni wa kamati ya wataalamu. Kampuni ilinung'unika kwa wiki mbili, kisha ikakubali.

Jambo la pili ni kuzitenganisha sehemu hizo mbili. Elimu kwa umma ina hatari zake, lakini hatari hizo zinaonekana: nembo ni kubwa mno, au kipeperushi kinataja kundi moja tu la dawa. Kwenye sera hatari iko katika yale yasiyosemwa. Kampuni ya dawa haitakuzuia kupendekeza kodi ya vinywaji vyenye sukari kama ile iliyoanza kutozwa Mexico mwaka 2014, kwa sababu kodi hiyo haimgusi. Subiri upendekeze serikali inunue dawa ya insulini kwa zabuni ya pamoja, au iruhusu haraka insulini (homoni ya kushusha sukari ambayo baadhi ya wagonjwa hujidunga) za watengenezaji wengine zinazofanana na zile za awali. Hapo ndipo utakapojua kama unaongoza au unaongozwa. Kwa maoni yangu, sehemu ya sera itafutiwe fedha kwingine, hata kama zitakuwa kidogo.

Nakukumbusha pia upimaji, ambao watu huuchukulia kwa wepesi. Kumchoma mtu kidole sokoni na kumwambia sukari yake iko juu hakumsaidii chochote ikiwa hana pa kwenda kesho yake. Kipimo kimoja cha ghafla kwa mtu asiye na dalili hakitoshi kuthibitisha ugonjwa; anahitaji kipimo cha maabara, ama sukari ya asubuhi kabla ya kula, ambapo 7.0 mmol/L na kuendelea ndicho kiwango cha kisukari, ama HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ya asilimia 6.5 na kuendelea, na kwa kawaida majibu hurudiwa. Ukikuta bajeti ina mahema na fulana lakini haina mstari wa rufaa, yaani wa kuwapeleka hospitali waliokutwa na sukari ya juu, ujue hiyo ni shughuli ya picha.

Mchambuzi_wa_Sera:

Naungana na Mratibu, isipokuwa kwenye pendekezo la kuitenga sera kabisa. Kisukari kimekuwa suala la sera za dunia kwa muda mrefu: Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio 61/225 mwezi Desemba 2006 na kuitambua rasmi tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, kuwa Siku ya Kisukari Duniani, na mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana malengo ya mwaka 2030, likiwemo la kwamba asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wamegunduliwa, na kwamba wote wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao mwili wao hautengenezi insulini ya kutosha, wapate insulini wanayoimudu pamoja na vifaa vya kujipimia. Malengo hayo ndiyo kinga yenu. Mapendekezo yakijengwa juu yake, mdhamini akitaka kuliondoa la insulini itambidi aeleze kwa nini analikataa jambo ambalo serikali zimekwisha kulikubali, na sijaona kampuni iliyo tayari kueleza hivyo kwa maandishi.

Kinachovunja heshima ya miradi hii zaidi ni kuficha chanzo cha fedha. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Coca-Cola ilikuwa imekifadhili kikundi cha wanasayansi nchini Marekani kilichohimiza mazoezi huku kikipunguza uzito wa suala la vinywaji vyenye sukari. Kabla ya mwaka kwisha kikundi kilikuwa kimevunjwa. Majina ya wale wataalamu yanatajwa hadi leo, na si kwa tafiti zao. Tangazeni kiasi cha fedha na posho zenu, ninyi watatu, tangu siku ya kwanza.

Aina_ya_Kwanza:

Ninaishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni, na naona katika hoja zote hizi mgonjwa hajatajwa isipokuwa kama mtu wa kuchomwa kidole. Mradi mmoja ulitugawia vipima sukari bure, tukashukuru sana. Ulipokwisha, vijiti vya kipimo hicho, vile vinavyowekwa tone la damu, havikupatikana tena, na vya aina nyingine havikuingia. Kile kipimo bado ninacho kabatini. Aidha, mabango yao yalisema kisukari kinatokana na uvivu na ulaji mbaya, maneno ambayo hata kwa aina ya pili ni nusu ya ukweli, na kwetu, ambao kinga ya mwili yenyewe iliziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ni uongo mtupu. Wekeni watu wawili wanaoishi na ugonjwa katika hiyo kamati, wawe na kura, na mkataba useme vijiti vitatoka wapi mwaka wa nne.

MtaalamuLishe:

Nawashukuru nyote. Leo nimezungumza na mwanasheria wetu, naye amekiri kwamba neno "atapitia" halikumshtua alipolisoma mara ya kwanza. Tumekubaliana kuirudisha rasimu ikiwa na mabadiliko manne: siku kumi za maoni bila idhini, kutangazwa kwa fedha, viti viwili vya wagonjwa wenye kura, na mpango wa vijiti na rufaa baada ya mradi. Kuhusu kuitenga sehemu ya sera bado hatujaafikiana. Daktari anasema ikitengwa kampuni itajiondoa yote. Nimemwomba aiulize kampuni yenyewe badala ya kuijibia.

MratibuMstaafu:

Aiulize kwa barua, na jibu lije kwa barua.