MREJESHO: Mtoto wa dada mwenye mguu kifundo

Wakuu, niliomba ushauri mtoto wa dada alipozaliwa na mguu kifundo (unyayo umepinda kwa ndani), hela ya upasuaji hatuna. Mliosema "mpelekeni hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, msisubiri akue", Mungu awabariki sana. Upasuaji mkubwa haukuhitajika. Alifungwa plasta, ikibadilishwa kila wiki, mara sita, mwishoni wakakata kidogo kano ya kisigino. Juzi unyayo wake ulilala sawa kabisa kwenye kiganja changu, dada akalia. Sasa anavaa vile viatu vilivyounganishwa na chuma katikati, saa 23 kwa siku, miezi 3, kisha usiku tu kwa miaka.

Kuomba nauli kwenye shirika la mtaani kwetu kuligonga mwamba, fungu limeisha. Tumechangishana ukoo, deni bado lipo.