Ncha ya Kaskazini 1909: tumpe Henson, tumwachie Peary, au wote hawakufika?

Baba Nasra (mleta mada)

Wakuu, habarini. Binti yangu yuko darasa la saba. Juzi kaja na karatasi ya chemsha bongo, swali la 14: "Mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini ni nani?" Kaandika Matthew Henson, kwa sababu mimi ndiye niliyemsimulia. Mwalimu kampiga kosa kwa wino mwekundu, pembeni kaandika Robert Peary. Mtoto kanuna, mama yake ananitazama kama vile mimi ndiye niliyefeli.

Hoja yangu ni hii. Henson ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Maryland, 1866. Alibaki yatima mapema, akiwa na miaka 12 tayari yuko melini kama boi. Mwaka 1887 alikuwa duka la kofia kule Washington, ndipo Peary, mhandisi wa jeshi la majini, akamchukua awe mtumishi wake safari ya Nicaragua. Tangu hapo wakawa pamoja zaidi ya miaka 20. Kule Greenland Henson alijifunza lugha ya Wainuit, wenyeji wa kule, akaisema kama wao, akajua kuendesha mbwa, kuunda na kukarabati sleji (mikokoteni isiyo na magurudumu inayoburutwa na mbwa juu ya theluji), kujenga nyumba za theluji. Wenzake wengine weupe hawakumfikia.

Tarehe 6 Aprili 1909 watu waliokuwa pale ni sita: Peary, Henson, na Wainuit wanne, Ootah, Seegloo, Egingwah na Ooqueah. Peary alikuwa ameshapoteza vidole 8 vya miguu kwa kuganda tangu 1899, sehemu kubwa ya safari alikaa juu ya sleji. Aliyekuwa mbele akifungua njia ni Henson. Mwaka uliofuata aliliambia gazeti kwamba walipopima walikuta yeye amepitiliza maili kadhaa, na waliporudi nyuma nyayo za kwanza pale zilikuwa zake.

Sasa nyayo za kwanza ni zake, alama ya mwanangu iko wapi?

Kaskazi

Mkuu, pole kwa mtoto, lakini mwalimu yuko sahihi. Safari ina mwenyewe. Peary aliitafutia fedha, aliipanga, alishindwa mara kadhaa, akarudi tena akiwa na miaka 52. Walitoka Cape Columbia, kaskazini kabisa mwa Kanada, wakiwa watu 24, sleji 19, mbwa 133. Makundi yalikuwa yanafungua njia na kubeba chakula, kisha yanarudishwa moja baada ya jingine ili la mwisho lifike likiwa na nguvu. Huo mpango ni wa Peary. Dereva akitangulia kushuka garini hasemi yeye ndiye aliyempeleka bosi mkutanoni.

Mchokonozi

Kaskazi, hapo kwa dereva umejikaanga mwenyewe. Dereva ndiye aliyempeleka bosi.

Kaskazi

Hahaha, haya. Umenielewa lakini.

Nahodha Mstaafu

Nimekaa baharini miaka 31, mingi kabla ya satelaiti kutuonyesha tulipo, kwa hiyo naomba niingie kwa upande wa vipimo. Baba Nasra, nakuunga mkono kwa moyo ila hoja yako ina tundu kubwa. Ili nyayo za Henson ziwe za kwanza Nchani, lazima pale pawe Nchani. Na aliyesema pale ni Nchani ni nani? Peary peke yake. Ukimvua Peary ushindi kwa kumwita mwongo, umemvua na Henson papo hapo.

Tuangalie kipimo chenyewe. Kule mwezi wa nne jua halizami, linazunguka upeoni. Ukiwa Nchani hasa, saa 24 jua linakaa karibu kimo kilekile. Tarehe 6 Aprili ni kama digrii 6 na nusu. Kwa hiyo mtu mwenye sekstanti, chombo cha kupimia kimo cha jua, na subira anaweza kujua kama amefika. Tatizo ni njiani. Kutoka Cape Columbia mpaka Nchani ni maili za baharini 413, juu ya barafu inayoelea na kusukumwa na mkondo na upepo. Latitudo inakuambia umepanda kiasi gani kaskazini. Haikuambii umekengeuka kiasi gani kushoto au kulia. Hiyo ni kazi ya longitudo. Peary hakupima longitudo hata mara moja. Kijana wangu wa zamu angeniletea hesabu ya namna hiyo ningemrudisha akaanze upya.

Halafu mwendo. Tarehe 1 Aprili walikuwa latitudo 87 na dakika 47 hivi. Pale Peary akamrudisha nahodha Bob Bartlett, ambaye ndiye mtu mwingine pekee aliyeweza kumhakikia vipimo kwa kujitegemea. Digrii moja ya latitudo ni maili 60, hivyo zilibaki 133. Peary anasema alizimaliza kwa siku tano. Ni wastani wa maili 26 na ushee kwa siku, karibu kilomita 49, ukichukulia mstari ulionyooka. Kule hakuna mstari ulionyooka: kuna matuta ya barafu ya kupandisha sleji kwa mabega, kuna mifereji ya maji ya kuzunguka. Mwezi mzima na Bartlett hawakuwa wakienda hata nusu ya kasi hiyo. Shahidi kaondoka, kasi imepaa. Mimi hapo nyusi zinanipanda.

Na daftari. Wabunge wa Marekani walipolikagua mwaka 1911 mmoja wao alishangaa usafi wake, wakati mwenye daftari alikuwa anakula pemikani, nyama iliyosagwa na mafuta, kwa mikono isiyooshwa wiki kadhaa. Na ile sentensi ya shangwe ya kufika imo kwenye karatasi ya pembeni iliyopachikwa. Kamati ndogo ilimpitisha kwa kura 4 dhidi ya 3, akapewa cheo cha admirali na pensheni.

Kaskazi

Nahodha, heshima yako mzee, lakini hujamaliza hesabu. Mwaka 1989 wataalamu wa urambazaji walipima vivuli kwenye picha alizopiga kule, wakasema alikuwa ndani ya maili tano za Ncha. Na kuna kina cha bahari: aliteremsha waya pima 1,500, zaidi ya mita 2,700, bila kugusa chini, na kweli bahari ile ni ya kina kirefu. Mwaka 2005 Mwingereza Tom Avery akatumia sleji na mbwa za mtindo uleule, akafika kwa siku 37 kama Peary, akiwa na saa chache za akiba. Watu walikuwa wanasema haiwezekani!

Kukosa ushahidi si uongo. Mmisionari Mjerumani Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, wasomi wa London walimcheka, wakasema theluji karibu na ikweta ni ndoto. Nani alikuwa sahihi?

Nahodha Mstaafu

Kilimanjaro haikuhama, kijana. Waliombishia Rebmann wangeweza kupanda meli mpaka Mombasa wakatembea wakaenda kuutazama. Waliofuata waliuona uleule, mahali palepale, na theluji yake. Barafu aliyokanyaga Peary ilianza kuondoka pale akiwa bado amesimama juu yake. Bendera yake imekwenda na mkondo. Ndiyo maana kule daftari na sekstanti ni kila kitu.

Avery nampa haki yake, jumla ya siku ililingana. Ila zile siku tano za mwisho, ambazo ndizo tunazobishania, hakuifikia kasi ya Peary. Pima 1,500 bila kugusa chini ni ushahidi kwamba maji ni mengi. Maji ni mengi sehemu kubwa ya bahari ile.

Wally Herbert, Mwingereza aliyefika kwa mbwa mwaka 1969, alipewa madaftari ya Peary ayasome na watu waliokuwa upande wa Peary miaka yote. Mwaka 1988 akatoa jibu: huenda alikosea kwa maili 30 mpaka 60. Mimi niko na Herbert, maana alishazivuta sleji hizo mwenyewe.

Mchokonozi

Mbona Cook hatajwi? Daktari Frederick Cook alisema amefika 21 Aprili 1908, mwaka mzima kabla ya Peary, na Wainuit wawili, Ahwelah na Etukishook. Akatangaza 1 Septemba 1909. Siku tano baadaye Peary naye akatuma simu. Magazeti ya New York yaligawana kama Simba na Yanga.

Kaskazi

Cook aliwapelekea Chuo Kikuu cha Copenhagen karatasi zake, Desemba 1909 wakasema hakuna uthibitisho. Kabla ya hapo alidai amepanda McKinley, mlima mrefu kuliko yote Amerika ya Kaskazini, mwenzake akaapa kwamba hawakufika. Baadaye kafungwa kwa utapeli wa hisa za mafuta. Tupite.

Mchokonozi

Tunapita, lakini vyombo vyake vya kupimia aliviacha kwa mtu kule Greenland, na Peary alikataa visipande meli yake. Mtu mwenye uhakika angevikataa?

Bi Zuhura

Naomba na mimi, jamani. Mnapimana maili, sawa. Mimi nauliza Peary alikuwa nani kwa watu waliompa mbwa, nguo za manyoya na njia.

Wainuit wa kule kaskazini walikuwa na vimondo vya chuma vilivyoanguka zamani sana. Waligongagonga vipande wakapata visu na ncha za chusa. Peary alionyeshwa mahali mwaka 1894. Mwaka uliofuata akachukua viwili vidogo, na 1897 akachukua kile kikubwa, tani 31 hivi. Vikauzwa kwa jumba la makumbusho la New York kwa dola 40,000. Mwaka huohuo wa 1897 akashuka New York na Wainuit sita. Wanne walikufa kwa kifua kikuu, wa kwanza akiwa Qisuk, baba wa mtoto Minik wa miaka kama saba.

Sasa sikilizeni. Makumbusho walimfanyia mtoto yule mazishi ya uongo ya baba yake. Usiku, uani, gogo likafunikwa, likapangiwa mawe juu kwa desturi yao, mtoto kasimama anamlilia baba yake. Mwili wa baba yake haukuwemo, ulikuwa umechukuliwa uchambuliwe mifupa. Minik alikuja kujua akiwa kijana, akadai mifupa akazike, hakupewa. Alikufa 1918 kwa ile homa iliyoua watu dunia nzima. Mifupa ilirudishwa Greenland 1993.

Henson naye alikuwemo kwenye safari hizo, Baba Nasra. Simlaumu kwa maamuzi ya bosi wake, lakini usimsimulie mtoto nusu.

Kaskazi

Inasikitisha kweli Bi Zuhura, ila mada ni nani alifika.

Bi Zuhura

Mada ni nani apewe sifa, mwanangu. Rudi usome kichwa.

Baba Nasra

Nahodha, umenibana, na nimelala nalo. Nakubali: siwezi kusema Peary kadanganya halafu Henson kashinda. Lakini kuna jambo ambalo halitegemei sekstanti. Bartlett, aliyerudishwa njiani, alipewa medali ya dhahabu ya chama cha jiografia cha Marekani mwaka huohuo wa 1909. Henson aliyeendelea mbele mpaka mwisho, popote ulipokuwa huo mwisho, alipewa medali hiyohiyo mwaka 2000. Alishakufa miaka 45. Peary yuko na cheo cha admirali, Henson tangu 1913 ni tarishi ofisi ya forodha New York. Kule Greenland walikuwa wakimwita Maripaluk, Matthew mwema. Alizikwa upya Arlington, makaburi ya kitaifa ya Marekani, jirani na Peary, tarehe 6 Aprili 1988.

Hapo nani atasema ni suala la longitudo?

Nahodha Mstaafu

Hapo sina ubishi. Hapo ni rangi tu.

Kaskazi

Hata mimi. Ila kwenye karatasi ya mtihani mtoto aandike nini?

Nahodha Mstaafu

Swali lenyewe ndilo bovu. Wa kwanza kufika bila ubishi kwa kupita angani ni Mnorwe Amundsen na wenzake, kwa puto la injini, Norge, 12 Mei 1926. Kwa kupita juu ya barafu toka nchi kavu, Ralph Plaisted na wenzake, 1968, kwa pikipiki za theluji. Mwalimu achague anauliza kufika kwa namna gani.

Mchokonozi

Na sisi tuna la kwetu. Vitabu vilituandikia Meyer na Purtscheller, Kilimanjaro, 1889. Mzee Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa mwongoza njia wao, alikuja kukumbukwa baadaye kabisa, na mpaka leo watu wanabishana kama alifika kileleni au aliwasubiri chini.

Baba Nasra

Wakuu, mrejesho. Jumatatu nilikwenda kumwona mwalimu na maelezo ya Nahodha nimeyaandika kwenye karatasi. Kasoma yote, kwa utulivu, akasema majibu yaliletwa na waandaaji, yeye anasahihisha tu. Mwisho kampa nusu alama.

Nikageuza karatasi kuangalia swali la 15. Ni la Kilimanjaro. Mtoto kaandika Hans Meyer, kapewa tiki. Nimeikunja karatasi nimeondoka kimya.

Bi Zuhura

Rudi, Baba Nasra.

Kaskazi

Asirudi! Fungueni uzi mwingine.