Kwa nini madirisha ya Windows 1.0 hayakulaliana?

Swali
Wadau, Macintosh (Mac) ya Apple ilipotoka Januari 1984, madirisha yake yalilaliana kama karatasi mezani. Windows 1.0 ikaja Novemba 1985, lakini programu zake zikapangwa ubavu kwa ubavu kama vigae. Je, kompyuta zilikosa nguvu? Na Mac yenye kumbukumbu ya KB 128 tu iliwezaje kukumbuka kilichofunikwa na dirisha la juu?

Jibu la 1
Mkuu, nianze na hilo la mwisho: haikukumbuka. Piga hesabu. Skrini ya pikseli 512 × 342, biti moja kwa kila pikseli, inakula baiti 21,888. Kumbukumbu yote ni baiti 131,072. Toa za skrini, kisha toa nakala za madirisha manne yanayojaza skrini: zinabaki baiti 21,632 kwa mfumo, programu na hati yako. Hazitoshi kabisa.

Badala yake, dirisha la juu likisogezwa, mfumo unaandika umbo la sehemu iliyofunuka tu, halafu unaiambia programu ichore upya hapo. Umbo hilo ndilo lenye utamu. QuickDraw, sehemu ya mfumo wa Mac inayochora skrini, iliyoandikwa na Bill Atkinson wa Apple, iliweza kushika umbo lolote, hata lenye kona nyingi na matundu katikati; likiwa mstatili mtupu, lilichukua baiti 10: 2 za ukubwa, 8 za mipaka. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko hata kipanya.

Jibu la 2
Kwa wanaoandikia Mac hizo programu: chora kati ya amri za BeginUpdate na EndUpdate. BeginUpdate ndiyo inayofuta kumbukumbu ya eneo linalosubiri kuchorwa. Ukiisahau, eneo linabaki palepale, mfumo unaleta taarifa ileile tena na tena, na dirisha linachorwa bila kukoma. Tena zamu huanzia dirisha la mbele, kwa hiyo ya nyuma yatabaki na mabaka meupe. Ukiona mabaka hayo, kagua kwanza dirisha la mbele. Kwenye Windows, amri ya BeginPaint ina kazi hiyohiyo kwa WM_PAINT, ujumbe unaoiambia programu ichore upya.

Jibu la 3
Nguvu haikuwa sababu. Smalltalk, lugha ya programu yenye mazingira yake, ilikuwa na madirisha yanayolaliana kwenye Alto ya Xerox, mashine ya 1973. Hata ndani ya Windows 1.0 yenyewe, visanduku vya maswali vilijitokeza juu ya madirisha mengine. Vigae vilikuwa uamuzi wa wabunifu, ili pasiwe na kitu kilichofichika.

Tatizo la vigae lilikuwa nafasi. Kwenye CGA, kadi ya skrini ya kompyuta za IBM PC, pikseli 640 × 200, pandisha programu mbili moja juu ya nyingine: kila moja inapata mistari isiyofika 100 ya pikseli. Kwa herufi za kimo cha pikseli 8, hiyo ni mistari 12 ya maandishi, na hapo hujatoa kichwa cha dirisha wala menyu. Kulaliana kulikuja na Windows 2.0, mwaka 1987.