Mrejesho: kutuliza darasa bila kiboko

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuwafunza walimu wenzangu hapa Kisauni kutuliza darasa kubwa bila kiboko. Ahsanteni sana. Tulianza na sheria: Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Walisikiliza, basi. Kilichowaingia hasa ni mazoezi: mmoja afundishe, sisi tuwe wanafunzi wasumbufu. Wakajionea kwamba kumsogelea anayepiga soga, bila kukatiza somo, mara nyingi kunatosha. Mwalimu mmoja mkongwe bado hajaridhika. Nimemwomba aje aangalie kipindi changu Jumatatu.