Uliwahi kuandikiana barua na mfungwa? Tupeane uzoefu

Chuma cha Reli: Jana nimepita gereza la Segerea siku ya kuona ndugu, nikaona kina dada kwenye foleni na vifuko vyao, nikakumbuka enzi za marafiki wa kalamu. Mtu anakupa S.L.P. tu, wewe unadhani kapanga chumba Ukonga, kumbe yuko ndani ya ukuta. Yaliyowakuta mwageni hapa.

Mtoto wa Pwani: "Hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mama Shughuli: Mie 1998, kanda ya ziwa. Anwani niliitoa gazetini. Barua ya pili ndo akasema yuko jela, eti ajali ya gari. Bahasha inafika imeshafunguliwa, askari kasoma kwanza, mstari mmoja umefutwa kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Ila mwandiko huo! Akaniambia kuna kunguru anatua ukutani kila saa kumi, anamuuliza jina langu. Nilikuwa nalala nayo hiyo barua.

Nikafunga safari. Kwenye benchi la nje tuko wanawake watatu, stori za hapa na pale, mmoja akatoa barua atusomee. Nikasikia kunguru! Wa tatu akashika kifua, na yeye anaye. Nikasema huyu mwanaume katuchanganya. Wapi! Kila mtu na wake, majina tofauti. Mwandiko ndo mmoja.

Kigogo One: Wafungwa wote matapeli.

Binti wa Kalenga: Wote nani? Kaka yangu mahabusu mwaka wa nne, kesi haijasikilizwa.

Kigogo One: Mahabusu siyo mfungwa, dada. Soma mada.

Binti wa Kalenga: Dada yako nani?

Mzee Karandinga: Mie nilikuwa mwandishi wa selo, gereza jingine kabisa, mama usinitafute. Unanipa kipande cha sabuni ya kufulia, nakuandikia kurasa mbili. Ya rufaa rahisi. Ya mapenzi ndo kazi, maana inapita kwa askari: huandiki njaa, huandiki nani kapigwa, unabaki na ndege na mawingu. Kunguru tumewatumia sana.

Doto: Mama Shughuli, uliingia kumwona?

Mama Shughuli: Niliingia. Hajui kusoma. Akaniuliza barua zangu huwa zinasema nini, maana anayemsomea anaruka-ruka.

Wakili wa Mtaani: Kwa wanaoandikiana sasa: ukiambiwa "ajali ya gari", ingia tovuti ya TanzLII, hukumu za Mahakama ya Rufani zipo bure, tafuta jina lake. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kuanzia miaka 30, na msamaha wa Rais wa Aprili 26 kwa kawaida hauwagusi. Usisubiri.

Mtoto wa Pwani: Subiri tu. Atatoka hajui hata simu janja, atakuchiti na nani?

Kigogo One: Tuma sabuni, pesa usitume.

Mzee Karandinga: Tuma vyote.

Doto: Tuacheni na sabuni. Mama, ulimuacha?

Mama Shughuli: Niliendelea kumwandikia. Ila kila barua nikawa naanza: "Wewe unayemsomea, usiruke."

Doto: Akaacha kuruka?

Mama Shughuli: Akaanza kujibu yeye.

Chuma cha Reli: Mama, mada yangu umeshaiteka. Endelea.