Tupeane uzoefu: albamu gani umeisikiliza mwanzo mpaka mwisho mwaka huu? (Nyanda za Juu Kusini)

Kinyozi wa Mafiati

Mugonile wana Mbeya, kamwene Iringa na Njombe, na wa Songwe, Rukwa na Ruvuma salamu ziwafikie. Desemba imefika na kila kona watu wanatoa orodha za albamu bora za 2024. Nyingi zimeandikwa na watu wa Dar kwa ajili ya watu wa Dar. Nataka za kwetu.

Sharti ni moja. Iwe albamu uliyoisikiliza yote, si wimbo mmoja uliounasa TikTok. Utuambie ulikuwa wapi, unafanya nini, na nini kilikufanya usiruke wimbo.

Naanza mwenyewe. Yangu ni The God Son ya Marioo, iliyotoka mwishoni mwa Novemba. Kazi yangu mikono iko kwenye mashine kutwa nzima, simu siigusi mteja akiwa kitini, kwa hiyo nikishaweka kitu asubuhi kinaimba mpaka kiishe. Albamu mbovu naijua haraka sana: wateja wanaanza kuniomba nibadilishe. Hii hawaombi. Wengine wameshanyolewa, wamelipa, na bado wamekaa kwenye benchi. Marioo anajua kuandika. Anaweza kuweka malalamiko ya mapenzi juu ya amapiano, mtu akacheza na bado neno likamfikia. Zilizonishika mimi ni nyimbo za katikati ambazo redio haizigusi. Ningepewa nafasi ningepunguza mbili tatu za mwishoni. Lakini kwa albamu za Bongo mwaka huu, hiyo ndiyo yangu.

Dereva wa Tunduma

Mkuu, uzi mzuri. Sisi wa malori ndio wasikilizaji wa albamu waliobaki nchi hii. Dar mpaka Tunduma unakaa na muziki kuliko unavyokaa na familia.

Novemba 22 zilitoka mbili siku moja: Morayo ya Wizkid, na GNX ya Kendrick Lamar ambayo iliachiwa bila tangazo lolote. Utingo wangu ni mtu wa Kendrick, mimi ni mtu wa Wizkid, gari ni moja. Tukakubaliana kupanda zamu yake, kushuka zamu yangu.

Yangu ni Morayo. Morayo ni jina la mama yake Wizkid, aliyefariki Agosti 2023, na albamu nzima ni ya kwake. Cha ajabu si albamu ya kilio. Ni muziki wa watu waliovaa vizuri wakacheza, kama wanavyofanya Wayoruba wa kwao Nigeria wakimzika mzazi aliyeishi maisha yake. Mama yangu tulimzika Mbozi mwaka juzi, na tangu hapo nyimbo za msiba nilikuwa nazima. Hii nimeisikiliza yote nikiwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, vioo vimepandishwa, na sikuizima.

HEIS ya Rema ya Julai nayo nimeipenda, ila nyimbo 11 hazifiki hata nusu saa. Nikiianzisha Ruaha Mbuyuni na mzigo mgongoni, imeisha sijafika Ilula.

Binti wa Kihesa

Kamwene. Mimi nasoma chuo hapa Iringa. Yangu ina hadithi ya intaneti.

Mnakumbuka katikati ya Mei, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na nchi nzima ikakosa mtandao? Hosteli yetu ilikuwa kama imezimwa. Hakuna WhatsApp, hakuna YouTube, kila mtu anazunguka na simu mkononi bila sababu. Mimi nilikuwa nimeshapakua albamu ya kwanza ya Tyla, yule wa Afrika Kusini aliyechukua Grammy Februari, ile tuzo ya muziki wa Afrika ambayo ndiyo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na spika ndogo. Chumba chetu kikajaa. Watu ambao walikuwa wanaujua wimbo wake mmoja tu wakaijua albamu yote, na kabla mtandao haujarudi sawasawa tulikuwa tunabishana wimbo gani ungekuja wa pili.

Lakini ya mwaka siyo hiyo. Juni alitoa Tems, Born in the Wild, nayo ni ya kwanza kwake baada ya miaka ya nyimbo moja moja na EP, yaani albamu fupi. Ni ndefu, ina nyimbo 18 ukihesabu vile vipande vya maongezi. Mwanzoni vile vipande nilikuwa siviwezi. Baadaye nikagundua ukiviruka wimbo unaofuata unaingia bila kubisha hodi. Nilikuwa naisikiliza nikipanda Gangilonga jioni, kule juu kwenye jiwe. Sauti yake ni nzito, haikimbizi maneno, na upepo wa Iringa unaujua ulivyo. Natetea hii mbele ya mtu yeyote.

Mama wa Tukuyu

Wanangu, na za kwaya zinaruhusiwa? Maana naona mnataja watu wa mbali tu.

Kinyozi wa Mafiati

Shikamoo mama. Zinaruhusiwa kabisa, tena tunazisubiri.

Mama wa Tukuyu

Marahaba. Basi mimi yangu ni ya kwaya ya usharika wetu, Moravian, huku Rungwe. Jina lao nisiliweke hapa, hawajanituma. Binti yangu anaimba sauti ya pili.

Wamefanya mazoezi tangu mwaka jana, jioni za katikati ya wiki, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Walikuwa wanafika na mwavuli mmoja watu watatu. Walichangishana nauli ya kwenda studio Mbeya mjini, wakalala kwa ndugu wa mwalimu wa kwaya, wakarekodi usiku kwa sababu mchana jirani wa studio ana mashine ya kusaga.

Uzinduzi ulikuwa Agosti. Mgeni rasmi alinunua nakala ya kwanza laki tano, wakafuata wa laki, wa elfu hamsini, na sisi wa elfu tano tukapanga foleni na flashi zetu. Hela zote ni za kununulia spika za kanisa.

Sasa niwaambie kwa nini naisikiliza yote. Kuna wimbo wa mazishi ambao ndio ulitufanya tuipende kwaya hii. Waliuimba kwenye misiba mingi kabla hawajaurekodi. Watu wote wakataka uwe wa kwanza. Mwalimu akakataa, akauweka wa mwisho. Alisema ukiwa wa kwanza watu watausikiliza, watalia, watazima, na vijana waliotunga zile nyingine watakuwa wameimba bure. Kwa hiyo unaanza na shukrani, unapita kwenye toba, wa sita ni wa Kinyakyusa hauna kinanda, ni ngoma na sauti peke yake, unasikia mpaka wakivuta pumzi. Ukifika ule wa mwisho umeshakuwa tayari. Mimi nikichambua majani ya maboga au nikimenya ndizi, naiwasha, na ikiisha chakula kiko jikoni.

Binti wa Kihesa

Mama, huyo mwalimu wa kwaya ana akili ya maproduza wakubwa. Naomba kujua flashi inapatikanaje Iringa.

Fundi Flashi, Mwanjelwa

Nimesoma yote, niseme ukweli wa sokoni. Mimi kazi yangu ni kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Nina wateja wa kila aina: bodaboda, wenye baa, mama lishe, makonda wa Coaster za Kyela. Albamu imekufa. Mtu anakuja anasema nijazie mpya mpya, mchanganyiko, gigabaiti nane, basi. Hajui kama wimbo umetoka kwenye albamu au umetoka peke yake. Mwaka huu Harmonize katoa Muziki wa Samia mwezi wa tano, wakaulizia nyimbo mbili. Wasanii wenyewe wanatoa nyimbo nusu ya albamu kabla albamu haijatoka, unabaki na nini cha kusubiri?

Isipokuwa za kwaya. Hapo Mama wa Tukuyu kanifunga mdomo. Mteja wa kwaya anataka zote, na anataka kwa mpangilio. Nikichanganya anarudisha. Kwaya kadhaa zimeniachia kazi zao niwauzie kwa makubaliano, na hizo ndizo nauza folda zima. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Dereva wa Tunduma

Fundi, umejijibu mwenyewe. Kwaya wanapanga, ndiyo maana watu wanataka mpango wao. Bongo Flava wengi wanarundika.

Kinyozi wa Mafiati

Nakubali nusu. Wapo wanaopanga. Mwenzetu wa hapa Mbeya, Rayvanny, alipotoa Sound from Africa 2021 aliweka nyimbo 23, na watu wakasema ni rundo. Mimi niliisikiliza kwa mafungu, na ukiisikiliza hivyo unaona mtu anajaribu kuonyesha kila anachokiweza kwa sababu ndiyo albamu yake ya kwanza kamili. Ni nyingi, sawa, lakini kuna nia.

Mama Chipsi, Makambako

Kwa ufupi maana nina wateja: Zuchu, Peace and Money. Imetoka juzi tu mwezi huu. Tangu ile EP ya 2020 tulikuwa tunaidai albamu. Baridi ya Makambako saa kumi na moja asubuhi, mafuta bado hayajachemka, viazi vinasubiri, naweka Zuchu na mwili unaamka. Bado sijaijua vizuri kiasi cha kubishana. Mwakani niulizeni.

Mkulima wa Kokoa, Kyela

Mimi natoka nje ya 2024 kidogo ila ni kwa sababu ya 2024.

Mwishoni mwa Juni alifariki Lucius Banda wa Malawi. Walioko mbali na mpaka wa Kasumulu huenda jina hili haliwaambii kitu. Kwetu Kyela, ambako redio za Malawi zinaingia safi, huyu tumekua naye. Alianza miaka ya 90, akiimba juu ya maskini na watawala kwa Kichewa, na bendi yake ya Zembani. Watu walimwita Soldier. Baadaye akaingia bungeni kwao.

Wiki alipofariki nilikuwa nimevuka kwenda Karonga. Kila duka, kila kibanda, ni yeye. Nikanunua kazi zake za zamani kwa kijana mmoja pale sokoni, nikarudi nazo, na kuanzia Julai mpaka sasa nikikausha kokoa uani ndizo naziweka, albamu moja inaisha inaanza nyingine. Kichewa nakielewa robo. Lakini ukisikiliza albamu za mtu kwa miaka unasikia anavyobadilika: za mwanzo ana hasira, rege inagonga, baadaye anakuwa mtu mzima, anashauri. Wimbo mmoja mmoja usingenionyesha hilo. Kwangu mwaka 2024 ni wa Lucius Banda.

Mzee wa Soweto

Vijana, salaam kutoka Soweto ya hapa Mbeya. Mkulima wa Kyela kanifungulia mlango, maana na mimi nina ya zamani.

Sisi tuna wa kwetu aliyetoka kwenye maikrofoni akaingia bungeni. Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 mpaka 2020. Ila kabla ya siasa alikuwa 2-Proud, halafu Mr. II. Mwaka 1996 alitoa Ndani ya Bongo. Nilikuwa nayo kwenye kanda. Wakati ule vijana wengi wa rapu walikuwa wanaiga Kiingereza cha Marekani, huyu akasimama na Kiswahili kitupu akaeleza maisha ya kijana asiye na kazi. Wazazi hawakupenda. Mimi nilikuwa mzazi kijana, nikapenda.

Mwaka huu mjukuu wangu alikuta sanduku la kanda. Akaniuliza unarukaje wimbo. Nikamwambia hairukwi, unasubiri, ukichoka unabonyeza kupeleka mbele na unakisia. Tumeisikiliza pande zote mbili, tukageuza, tukarudia. Ana miaka kumi na tano, na sasa anajua nini kinafuata baada ya kila wimbo. Hiyo ndiyo albamu yangu ya 2024, hata kama ina miaka 28.

Binti wa Kihesa

Shikamoo mzee. Hiyo kanda iko hali gani? Nikiitafuta mtandaoni napata vipande, siipati nzima.

Mzee wa Soweto

Marahaba mwanangu. Upande A uko vizuri. Upande B kuna mahali sauti inazama kidogo halafu inarudi. Utepe haujakatika.

Fundi Flashi, Mwanjelwa

Mzee, usiendelee kuipiga sana, utepe wa zamani unaacha unga kwenye hedi ya redio, kile kichwa kinachosoma utepe. Kwanza safisha hedi kwa pamba na spiriti. Halafu uihamishe. Unahitaji redio ya kanda yenye tundu la hedifoni, waya wa AUX, na kompyuta. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni unaingia kwenye tundu la maiki. Kuna programu ya bure inaitwa Audacity, unabonyeza kurekodi, unawasha kanda. Sauti ya redio iwe katikati, ukiipandisha sana inapasuka. Njia ya mkato hakuna: kanda ya dakika 60 inarekodiwa kwa dakika 60, na lazima uwepo ugeuze upande. Baada ya hapo ni nakala yako ya nyumbani, usiigawe.

Laptop ninayo na waya ninao. Kwako Soweto ni karibu na kwangu. Jumapili baada ya ibada nakuja, sitaki hela.

Mzee wa Soweto

Karibu sana. Njoo saa nane, mjukuu awepo, yeye ndiye atakayegeuza.