Naomba ushauri: Lint inalalamikia kipokezi chetu cha SMS za malipo

MsimboMvita

Assalam aleikum wana jukwaa. Sisi ni kikundi kidogo cha watengenezaji wa programu hapa Mombasa, na tunawahudumia wauzaji wa jumla wa Kongowea pamoja na maduka kadhaa ya Marikiti. Programu yetu ya Android husoma SMS ya M-Pesa inapoingia katika simu ya kaunta, ikachukua kiasi na nambari ya muamala, kisha ikaiandika oda kuwa imelipwa, na hapo karani hutoa mzigo.

Tulipoiendesha Lint, kikagua msimbo cha Android Studio, kabla ya kutoa toleo jipya, ilitupa maonyo mawili juu ya kipokezi chetu, yaani sehemu ya programu inayopokea SMS: UnprotectedSMSBroadcastReceiver na UnsafeProtectedBroadcastReceiver. Mwenzangu anashikilia kwamba tuyapuuze, kwa hoja kwamba tangazo la SMS_RECEIVED, linaloziarifu programu kwamba SMS imeingia, haliwezi kutumwa na yeyote isipokuwa mfumo wenyewe. Mimi sijaridhika, kwa sababu simu za kaunta hupita mikononi mwa watu wengi na huwekwa programu za kila aina, nyingine zikiwa ni faili za APK zilizopokewa kwa WhatsApp. Je, hoja yake inasimama? Na ukaguzi huu unaosoma msimbo bila kuiendesha programu tuutegemee kwa kiasi gani?

Fundi_wa_Tudor

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mwenzako ana ukweli, lakini ni nusu. Ni kweli kwamba programu ya kawaida haiwezi kutangaza SMS_RECEIVED, kwa kuwa mfumo huikataa. Hata hivyo, kipokezi chenu kimeandikwa android:exported="true", yaani kiko wazi kwa programu za nje, na kwa hiyo programu yoyote iliyomo katika simu ile inaweza kukipelekea intenti (ujumbe wa ndani wa Android) moja kwa moja kwa kulitaja jina la klasi yake, bila kuweka kitendo chochote (jina la tukio, kama SMS_RECEIVED). Ikiwa onReceive yenu (msimbo unaoendeshwa intenti inapofika) haiangalii kitendo hicho kwa getAction, bali inakimbilia kufungua "pdus" (baiti ghafi za SMS) na kuzisoma, basi itapokea baiti zilizotungwa na mtu. Jina la mtumaji nalo husomwa kutoka katika baiti hizo hizo, kwa hiyo hata mkihakiki kwamba ujumbe umetoka kwa "MPESA", mtungaji atakuwa amekwisha kuliandika jina hilo. Oda itaonekana imelipwa ilhali hakuna shilingi iliyoingia, na programu iliyofanya hivyo haikuhitaji kumwomba mwenye simu ruhusa yoyote ya SMS.

Dawa yake ni fupi. Katika AndroidManifest (faili la maelezo ya programu), ndani ya receiver, ongezeni android:permission="android.permission.BROADCAST_SMS", ruhusa ambayo programu za kawaida hazipewi. Kisha katika onReceive hakikisheni kitendo ni SMS_RECEIVED kabla ya kugusa kitu kingine. Maonyo yote mawili yataondoka kwa sababu tatizo lenyewe litakuwa limeondoka.

BintiKisauni

Naomba niongezee upande wa pili, ambao kwa maoni yangu husahauliwa zaidi. Mkishaisoma SMS, mnaipelekaje kwenye skrini ya karani? Nimeona programu nyingi zikitumia sendBroadcast (amri ya kutangaza intenti) yenye kitendo kitupu, bila kutaja inakopelekwa. Hapo programu nyingine inaweza kujiandikisha kusikiliza kitendo hicho hicho na kujikusanyia majina ya wateja, nambari za simu na kiasi walicholipa, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mzilinde.

MsimboMvita

Bi BintiKisauni, ndivyo tunavyofanya hasa, na Lint haikusema neno juu ya hilo. Sasa ninajiuliza ni mangapi mengine imeyaacha.

BintiKisauni

Imeyaacha kwa sababu kazi yake ni kulinganisha msimbo na kanuni zinazojulikana, si kuifuata data hatua kwa hatua. Watafiti waliliona pengo hili mapema: ComDroid ya 2011 ilichunguza jinsi programu za Android zinavyotumiana intenti, na FlowDroid ya 2014 hufuata data tangu inapoingia katika programu hadi inapotoka. FlowDroid mnaweza kuiendesha juu ya APK yenu, ila jiandaeni kwa maonyo ya uongo, na msidhani itaona kila kitu. Msimbo unaoita klasi kwa majina yanayoundwa programu ikiwa inaendeshwa huifunga macho.

Kwa sasa, wekeni setPackage (inayotaja programu ya kupokea) katika kila intenti ya ndani, na vipokezi mnavyovisajili ndani ya msimbo vipeni RECEIVER_NOT_EXPORTED, inayovifunga kwa programu za nje. Mkilenga Android 14, mfumo utawalazimisha kutamka kama kipokezi cha namna hiyo kiko wazi au kimefungwa. Pia, katika mipangilio ya Gradle (chombo cha kuijenga programu), yapandisheni maonyo yale mawili yawe makosa, ili toleo lisijengwe kabisa yakijitokeza tena. Maonyo ya zamani yasiyo na madhara mnaweza kuyahifadhi katika lint-baseline.xml, lakini haya mawili yasiingie humo kwa hali yoyote.

Mzee_wa_Seva

Vijana wamejibu vizuri. Langu ni moja tu: hata mkifunga milango yote hiyo, hakuna kikagua msimbo kitakachowaambia kama pesa zimeingia. Kwa malipo ya till au paybill, jisajilini Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, ili taarifa ya muamala itoke kwa Safaricom na kufika kwenye seva yenu bila kupitia simu ya kaunta, na oda iandikwe imelipwa na seva. Mtapunguza pia mzigo wa Google Play, ambayo huzibana programu zinazoomba ruhusa ya kusoma SMS. Mpaka hapo mtakapokamilisha, mwelekezeni karani aangalie salio la till kabla ya kutoa mzigo mkubwa.

MsimboMvita

Ahsanteni sana. BROADCAST_SMS na setPackage tunaziweka katika toleo hili, na maombi ya Daraja tunayaanza. Mzee wangu, swali moja la mwisho: taarifa ya Daraja ikichelewa na mteja amesimama kaunta, oda ibaki katika hali gani?

Mzee_wa_Seva

Iandikeni "inasubiri", na karani awe na kitufe cha kuiomba seva iulizie muamala huo kwa nambari yake. SMS mnaweza kumwonyesha kama taarifa tu, lakini isiwe na uwezo wa kubadilisha hali ya oda.